Inchi Tisa

Ijumaa asubuhi Ardith Pruitt alifika kwa wifi yake Corinne na shanta zito mno, hata alipolishusha garini mbwa wa pale aliinuka alipolala akalipisha. Ardith alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mnene wa nyonga, mwepesi wa kucheka, na alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa. Nusu ya vijana wa wilaya ile walikuwa wamekula mkononi mwake, na baadhi yao sasa walikuwa na ndevu na watoto wao wenyewe.

"Hilo shanta au jokofu?" aliuliza Boyd Yancey, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda.

"Ukitaka kujua, libebe."

"Aa, mimi nabeba barua tu, dada. Kitu kikizidi bahasha, naacha notisi mlangoni naondoka."

Boyd alikuwa tarishi wa posta, mwembamba kama ufito, na ulimi wake haukujua sikukuu. Ndani ya banda alikuwepo Shelby Garland, binti wa miaka ishirini na miwili anayesomea uuguzi, na nje kidogo Corinne mwenyewe alikuwa ameinama juu ya pipa la maji ya moto, akichovya kamba na ovaroli moja moja kwa fimbo. Kila kilichowahi kuingia pango moja kilioshwa hivyo kabla ya kuingia jingine, kwa sababu ya ugonjwa unaowamaliza popo. Mvuke ulikuwa umemlowesha nywele, na uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya.

"Wifi, umechelewa!" alipiga kelele. "Mzee ameshatundika mizani."

Mzee ni Dewey Hatmaker. Alikuwa mpima ardhi aliyestaafu vuli iliyopita, na kikundi chao cha mapangoni alikuwa amekiongoza miaka thelathini. Mizani yenyewe ilikuwa ile ya kupimia samaki, na ilining'inia kwenye boriti katikati ya banda. Chini yake lilitandikwa turubai la buluu. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: kabla ya safari kila mtu anamwaga shanta lake lote juu ya turubai, mbele ya wenzake, na hakuna shanta litakalozidi ratili thelathini na nane. Ya pili ilikuwa kwenye kona ya banda, na Ardith alikuwa akijitahidi asitazame upande ule.

Kwenye kona palikuwa na sanduku la mbao, refu kama jeneza, wazi pande zote mbili. Kifuniko chake kilishikwa na bolti nne, na kwa spana uliweza kukishusha inchi kwa inchi. Leo kilikuwa kimeshushwa hadi inchi tisa. Hicho ndicho kimo cha Tundu la Barua, ufa wa mwamba ulio ndani kabisa ya Pango la Tollett, huko milimani maili kumi na moja kwa miguu kutoka barabarani. Ng'ambo ya Tundu palikuwa na ukumbi ambao waliofika humo, wakiulizwa ukoje, huanza sentensi wasiimalize. Asiyepita kwenye sanduku haendi Tundu.

"Haya, Boyd," alisema Dewey. "Mwaga."

Boyd alimwaga. Zilianguka soksi, taa tatu, karanga na zabibu kavu za kulisha kijiji, na chupa mbili zinazofanana kama pacha. Dewey aliziinua zote mbili.

"Hizi nini?"

"Moja ya maji ya limau. Nyingine ya... unajua tena, Mzee. Si tuliambiwa hata haja ndogo haimwagwi pangoni?"

"Ipi ni ipi?"

"Hii ndiyo ya limau."

"Una hakika?"

Boyd aliitazama ile chupa kwa muda. "Nilikuwa na hakika mpaka ulipouliza."

Shelby alicheka mpaka akakaa chini. Dewey, bila kutabasamu, alitoa utepe mwekundu wa gundi mfukoni akauzungusha kwenye chupa moja mara nne. Kisha akamgeukia Shelby, na kicheko cha Shelby kikakoma, kwa maana kitu cha kwanza kuanguka kutoka shanta lake kilikuwa suruali ya jinzi.

"Pamba," alisema Dewey.

"Ya kuvalia kambini tu, Mzee."

"Pamba ikilowa haikauki. Nawe unasomea uuguzi. Unataka mimi ndiye nikufundishe baridi inavyomuua mtu?"

Jinzi ikaenda kwenye rundo la vya kubaki. Corinne, aliyejifuta mikono akaja, shanta lake lilikuwa na ratili thelathini na sita kamili, na kila kitu kimekunjwa kama dukani. Boyd akampigia makofi.

Ardith alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Nitengeneze kahawa?" aliuliza.

"Kahawa ipo," alisema Corinne.

"Nikawaletee maziwa."

"Maziwa yapo. Wifi, mwaga."

Basi akamwaga. Kwanza kilitoka kikaango cha chuma, kikagonga sakafu ngumu chini ya turubai kwa kishindo kilichomfanya mbwa abweke. Ukafuata mfuko wa unga, siagi, sufuria mbili, kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, chupa ya bamia za siki, mdalasini, fimbo ya kusukumia unga, mto wa kukalia na riwaya nene ya mapenzi. Kila kitu kilichoanguka kilipokewa kwa kicheko, na Ardith naye alicheka kuliko wote.

Dewey peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akapekua rundo lile kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani.

"Kofia yako ngumu iko wapi, Ardith?"

"Taa zako? Kinga za magoti? Ovaroli?"

Vitu vile vilikuwa nyumbani, juu ya jokofu. Ardith alikuwa ameviweka pale Jumatano, akavitazama Alhamisi, na asubuhi hii akapita chini yake akaenda zake.

"Nilidhani," alisema, "nitabaki kambini. Niwapikie. Mkitoka huko mmechoka mkute chakula cha moto. Mtu wa kupika si anahitajika?"

"Hukuniambia," alisema Corinne.

"Ningekuambia tukifika."

"Ungeniambia tukifika! Wiki sita, wifi! Wiki sita nakuja kukuchukua kila Jumanne, tunapanda kamba kwenye mti wangu kama nyani wawili, majirani wanatuona, halafu ungeniambia tukifika!"

"Nilikwama, Corinne. Unajua nilikwama."

Ilikuwa kweli. Mwezi uliopita alijaribu lile sanduku likiwa inchi kumi, si tisa. Akakwama nyonga, wakafungua bolti kumtoa. Akatoka akicheka, akasema hata mlango wa jiko la shule siku hizi unamnung'unikia. Wote wakaangua kicheko. Nyumbani, alipokuwa akioga, aliona mikwaruzo miwili kiunoni na hakucheka tena. Tangu siku ile kila lilipotajwa sanduku, Ardith alikuwa na simu ya kupiga.

Dewey aliinuka, magoti yakimlia. "Kubaki kambini si aibu," alisema. "Watu wengi hodari wamebaki. Lakini mtu anasema mapema, Ardith. Mimi nimegawa kamba kwa migongo mitano, na dawa, na maji. Nikifika mlangoni mwa pango nikakuta migongo minne, hesabu yangu imeharibika, na pangoni hesabu ikiharibika ndipo watu huumia."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Ardith aliinama akaanza kukunja mfuko wa unga. Corinne alisimama akiwa amekunja mikono, na ilionekana hasira yake ilikuwa nusu huzuni.

"Basi tupime," alisema Boyd, ambaye kimya kilimwasha mwilini. "Tundu letu linatungoja."

Shelby alipita kwenye sanduku kama barua yenyewe. Boyd alipita akipiga mluzi. Corinne, mwenye mabega mapana, alipita akinung'unika na kuacha kifungo kimoja cha shati ndani. Kisha Boyd akageuka.

"Nawe, Mzee."

"Tundu lile nimelipita mara kumi na saba," alisema Dewey.

"Tundu halijabadilika. Sisi tunauliza habari zako."

Ikawa zamu ya watu kumtazama Dewey. Tangu alipostaafu alikuwa akishinda nyumbani, na mkewe Oleta alikuwa mwanamke asiyejua kuoka pai moja. Akioka, ni tatu. Mkanda wa Dewey ulikuwa umesogea matundu mawili tangu vuli, na yeye alijitia hamnazo.

"Sheria ni ya wote," alisema hatimaye, akavua koti.

Aliingia kwa kichwa, mikono yote miwili mbele, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kichwa kikapita, na mabega. Kisha akakwama. Wakasikia viatu vyake vikikwaruza sakafu, halafu vikikwaruza kwa nguvu zaidi, halafu mguno.

"Mzee?" aliita Shelby.

"Nimo," ilisema sauti, nyembamba.

Boyd alichukua spana.

"Usiguse!" Dewey alipaza sauti. "Pangoni kuna spana? Weka chini!"

Lakini pumzi yake ilikuwa imeanza kwenda mbio. Wote waliisikia ikipiga mbao. Ardith alikuwa na uzoefu wa pumzi kama ile. Kila mwaka, bila kukosa, mtoto mmoja wa darasa la kwanza huingiza kichwa kwenye mgongo wa kiti cha bwalo, na kila mwaka yeye ndiye huitwa. Aliweka unga chini, akazunguka upande wa pili wa sanduku, akalala kifudifudi sakafuni mpaka uso wake ukakabili uso wa Dewey, shubiri moja kati yao. Uso wa Dewey ulikuwa umeiva, na macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Mzee Dewey. Nitazame mimi."

"Sipati... sipati hewa."

"Unayo nyingi kupita kiasi, ndiyo shida. Umeivuta umeishika. Itoe. Kama unapuliza supu ya moto. Fuuu. Polepole. Nani atakula supu ya moto?"

"Usinifanye mtoto."

"Fuuu, Mzee."

Dewey alipuliza. Akapuliza tena. Wekundu ukaanza kumtoka usoni.

"Usisukume," alisema Ardith. "Ukisukuma unavimba. Toa pumzi yote, ngoja, halafu rudi nyuma kidole kimoja. Kimoja tu. Haya. Tena."

Na alipokuwa akisema maneno yale, pale sakafuni, shavu lake likiwa kwenye vumbi, Ardith alimtazama yule mzee na kuona wazi kabisa kile alichokifanya yeye mwenyewe mwezi uliopita: alivuta pumzi, akaishika, akasukuma. Alikuwa amepigana na ubao kama mwehu. Hakuna aliyekuwa amemwona kwa mbele, ndiyo maana hakuna aliyemwambia.

Ilimchukua Dewey dakika sita kurudi nyuma hadi nje. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akajifuta jasho kwa koti. Boyd alikuwa na jambo la kusema, lilionekana limemfika kwenye meno, lakini kwa mara ya kwanza mwaka ule alilimeza.

"Naam," alisema Dewey. "Ndiyo hivyo."

"Tunaweza kupandisha robo inchi," alisema Shelby. "Tope la kule linateleza, si kama mbao."

"Hatupandishi kitu. Corinne amefika kule mara nne, ataongoza yeye. Mimi nabaki kambini." Aliwatazama mmoja mmoja, na midomo ikamtetemeka kidogo, mpaka wakashtuka kuona kumbe anacheka. "Pai za Oleta. Miaka thelathini nimeogopa mafuriko na mawe ya kuanguka, kumbe adui nalala naye chumba kimoja."

Ndipo banda zima lilipolipuka kwa kicheko, na Boyd akapata nafasi ya kulitoa neno lake, kwamba nyani haoni kundule, na Dewey akamtupia koti usoni.

Ardith hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku, anavua sweta.

"Wifi?" alisema Corinne.

"Nyamaza kidogo. Nisije nikabadili nia."

Aliingia mkono mmoja mbele, mwingine ubavuni, kichwa amekilaza upande. Mbao zilinuka msonobari na jasho la Dewey. Mabega yakapita. Kifua kikapita alipotoa pumzi. Nyonga zikafika mahali palepale pa siku ile, na mbao zikamkamata palepale.

Dewey alikuwa ameshalala sakafuni mbele yake. "Nitazame mimi," alisema. "Supu ya moto."

"Fuuu," alipuliza Ardith.

"Vizuri. Usisukume."

"Sisukumi."

"Zungusha nyonga kidogo, kama unafunga mlango na mikono imejaa sahani."

Hilo alilijua. Alizungusha. Kitu kikalegea, kikakamata tena. Kutoka nyuma ikaja sauti ya Boyd: "Dada Ardith, ukishindwa tutakubandika stempu."

Ardith alicheka. Alicheka kwa tumbo, bila kutaka, na kicheko kikamtoa pumzi yote iliyobaki, na mbao zikamwachia. Aliteleza mbele ghafla, akampiga Dewey kichwa cha pua, na wote wawili wakabaki sakafuni wakishika walipoumia, huku Corinne akiruka juu na chini, analia na kupiga kelele kwa pamoja, na mbwa anazunguka sanduku akibweka.

Ardith alimpigia simu mumewe Lonnie avilete vile vitu vya juu ya jokofu. Kutoka kwao hadi pale ni dakika ishirini na tano. Lonnie alifika baada ya dakika nne tu. Kumbe asubuhi alipoona mkewe ameondoka bila kofia, aliipakia yeye garini pamoja na taa, kinga za magoti na ovaroli, akaenda kukaa kwenye kituo cha petroli pale njia panda, anakunywa chai ya barafu na kungoja.

"Ulijuaje?" Ardith alimuuliza.

"Sikujua," alisema Lonnie. "Lakini usingepiga ningekunywa chai tu, si hasara."

Basi mizigo ikagawanywa upya. Kamba na dawa za Dewey zikahamia mgongoni kwa Ardith. Jiko lote likahamia kwa Dewey, naye akasimama mbele ya vitu vile kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

"Kikaango kinabaki," alisema Corinne. "Ratili nane, Mzee. Si wewe uliyetufundisha?"

Dewey alikitazama kikaango. Akaitazama ile nyama ya moshi.

"Kama mimi ndiye mpishi," alisema, "nitapikia wapi? Kwenye kofia?"

"Mkuki kwa nguruwe!" alipiga kelele Boyd.

"Kwa binadamu mchungu, najua, najua. Nipe hicho kikaango." Akatoa hema lake dogo, akaamua kulala chini ya turubai, na shanta lake lilipotundikwa lilisoma thelathini na nane kasoro kidogo. Bamia ziliachwa. Riwaya aliichukua bila kusema neno, akaifutika chini ya soksi.

Walitembea siku ile yote chini ya miti iliyoanza kutoa majani, wakavuka kijito mara saba, na Jumamosi asubuhi wanne wakaingia Pango la Tollett. Kufika Tundu la Barua kulichukua saa tatu. Corinne alitangulia, akafuata Shelby, kisha Ardith. Tope lilikuwa baridi kama barafu likamwingia shingoni. Katikati ya ufa mwamba ulikuwa vidole viwili kutoka puani mwake, hakuna bolti, hakuna spana, na ukimya wa mle ulikuwa mzito hata alisikia damu yake mwenyewe ikipita masikioni. Alitoa pumzi. Akangoja. Alifunga mlango mikono imejaa sahani. Mwamba ulimshika, ukafikiri, ukamwachia, naye akaona mkono wa wifi yake umenyooshwa mbele yake, mweusi kwa tope, unamwita.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lao. Kutoka juu yalining'inia mawe meupe membamba kama nyuzi za tambi, maelfu, na kila moja na tone lake la maji nchani. Ardith alipiga hatua mbili mbele, mdomo wazi, na Corinne akamdaka kwa nyuma ya ovaroli.

"Maji hayo!"

"Maji yapi?"

Shelby alidondosha kijiwe. Kilichoonekana sakafu kavu kikatikisika chote, ng'ambo hadi ng'ambo. Walikaa pale saa nzima. Hata Boyd alinong'ona.

Walipotoka nje ilikuwa saa kumi jioni, jua bado liko juu ya miti. Dewey alikuwa ameketi juu ya jiwe mlangoni mwa pango, kikombe mkononi. Aliwahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne. Halafu akasogea kumpisha Ardith pembeni yake.

"Eh?" alisema.

Ardith alianza kumweleza. Alieleza nyuzi zile, na matone, na sauti ilivyorudi baada ya kitambo, kama vile yule mzee hajawahi kuingia mle mara kumi na saba, naye Dewey alimsikiliza akiuliza maswali kama hajawahi kweli.

"Na lile ziwa?" aliuliza.

"Nusura nilikanyage! Corinne ndiye aliyenishika."

Dewey alikunywa kahawa, akatazama bonde.

"Mimi nililikanyaga," alisema. "Safari yangu ya kwanza. Nilizama mpaka kiunoni."

Corinne aligeuka na shanta lake limeshuka bega moja. "Mzee! Miaka thelathini hukutuambia!"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Dewey, akainuka kwenda kutazama moto wake.